Mtoto kapata 4, nicheke au nilie? Mitihani ya shule za Uingereza kwa mzazi aliyesoma nyumbani

Kila mwezi wa nane, Alhamisi ya matokeo, simu yangu haipumziki. "Dada, mtoto kapata 4 ya hesabu, nicheke au nilie?" "Shangazi, hii L2M ni ugonjwa gani?" "Mbona wa jirani anarukaruka na 9 yake, si ndiyo ya mwisho hiyo?" Kazi yangu ni kusimamia mitihani katika shule moja ya sekondari hapa Leicester. Mimi ndiye yule mama anayepita katikati ya madawati, anagawa karatasi za ziada na kumsindikiza mtu msalani. Kwa sababu hiyo watu wetu wameshanipa ualimu. Mwalimu mimi siye, ila nimekaa na karatasi hizi muda wa kutosha kumweleza mzazi aliyesoma Tanzania au Kenya mambo yalivyo, na kwa lugha tunayoongea nyumbani.

Tuanze na namba, maana ndizo zinazovuruga Watanzania kuliko kitu kingine. Kwetu mtoto wa kidato cha nne akipata "one ya saba" mtaa mzima unajua, kwa kuwa namba ikiwa ndogo ndiyo heri. Hapa ni kinyume. Katika GCSE za England, yaani mitihani yao ya kidato cha nne, 9 ndiyo ya juu, 1 ndiyo ya chini, na asiyefikia hata 1 anaandikiwa U. Zamani walitumia herufi. Namba zilianza kutoka mwaka 2017 kwa Kiingereza na hesabu, kisha masomo mengine yakafuata. Aliyezoea herufi akumbuke vituo vitatu: 7 inaanzia pale A ilipoanzia, 4 pale C ilipoanzia, 1 pale G ilipoanzia. Serikali inaita 4 kufaulu kwa kawaida na 5 kufaulu kwa nguvu. Kwa hiyo mama wa 4 ya hesabu, cheka. Sababu ya kucheka kwa sauti tutaifikia.

Uko nchi ipi kati ya nne?

England, Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini kila moja inaendesha shule zake. Ninayoeleza hapa ni ya England. Wales na Ireland ya Kaskazini nao wana GCSE na A-level, lakini GCSE zao zimebaki na herufi, A* kushuka hadi G, na Ireland ya Kaskazini wameongeza C* juu ya C. Binamu wa Cardiff akiwa na B na wako akiwa na 6, msigombane, wako karibu karibu.

Scotland ni habari nyingine kabisa. Hakuna GCSE. Sekondari yao inakwenda S1 mpaka S6: S4 wanafanya National 5, S5 wanafanya Higher, S6 Advanced Higher. Higher ndizo za kuombea chuo kikuu, na digrii ya kwanza huko kwa kawaida ni miaka 4 badala ya 3. Ukiwa unahama kutoka Glasgow kuja Birmingham na mtoto yuko S4, zungumza na shule mpya kabla hujafunga virago, kwa sababu mihtasari ya masomo haifanani.

Darasa linapangwa na umri

Hapa hakuna kukariri darasa, na hakuna kurushwa. Mtoto anawekwa kwa tarehe ya kuzaliwa, na mwaka wa shule unahesabiwa kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Agosti. Anaanza Reception, darasa la awali, kisha Year 1 mpaka Year 6 ndiyo shule ya msingi, Year 7 mpaka 11 ni sekondari, Year 12 na 13 ndiyo kidato cha tano na sita. Njia rahisi ya kukumbuka: chukua namba ya Year, jumlisha 5, unapata umri atakaofikisha ndani ya mwaka huo wa shule. Year 11, miaka 16.

Hili linawauma sana wanaoletwa wakubwa. Mtoto aliyetua kutoka Mwanza mwezi wa kwanza, katimiza miaka 15 mwezi wa kumi, anaingizwa Year 10 moja kwa moja, wenzake wameshaanza masomo ya GCSE tangu Septemba. Hawatamrudisha Year 8 "ashike Kiingereza kwanza", hata ulie. Unachoweza kupata ni kupunguziwa masomo, labda afanye sita au saba badala ya tisa, na msaada wa lugha. Lakini mara nyingi mpaka uombe. Kwa maandishi.

Kuna mitihani ya SATs ya Year 6, mwezi wa tano: kusoma, sarufi na hesabu. Alama zinaanzia 80 hadi 120, na 100 ndiyo inayotarajiwa. Hizi si mtihani wa darasa la saba. Hazimpangii mtoto sekondari, kwa sababu maombi ya sekondari yanapelekwa halmashauri mwisho tarehe 31 Oktoba na majibu yanatoka tarehe 1 Machi, mtoto akiwa bado hajaushika huo mtihani. Shule zinazochuja kwa mtihani zipo, zinaitwa grammar, na ni nyingi sehemu kama Kent, Buckinghamshire na Lincolnshire. Ukizitaka, mtihani wake unafanyika mwanzoni mwa Year 6 na kujiandikisha ni kabla ya hapo, mtoto akiwa Year 5. Ukisikia habari zake mwezi wa kumi, basi imeshapita.

GCSE

Hapa ndipo pa kukaza macho. Wazee wetu wanaoita "O level" hawajakosea sana. Mitihani ile iliyokuwa ikitoka Cambridge kuja Afrika Mashariki, kabla hatujawa na baraza letu la Afrika Mashariki na baadaye NECTA mwaka 1973, ni ndugu wa O-level ambazo GCSE ilikuja kuziondoa. GCSE za kwanza zilifanywa 1988. Kwa mahali pake katika safari ya mtoto, ni kidato cha nne.

Masomo yanachaguliwa Year 9, shule nyingine Year 8. Kiingereza (lugha na fasihi, vyeti viwili), hesabu na sayansi ni lazima. Juu yake anachagua matatu au manne: historia, jiografia, lugha ya kigeni, kompyuta, sanaa na kadhalika. Sayansi ina njia mbili. Combined Science inampa GCSE mbili, na matokeo yanaandikwa kwa jozi, mfano 5-4. Triple inampa tatu zinazojitegemea, yaani biolojia, kemia na fizikia. Asiyefanya triple anaweza bado kusoma sayansi A-level, mradi jozi yake iwe juu, mara nyingi 6-6 kwenda mbele.

Sasa jambo ambalo wazazi wengi hawalijui mpaka matokeo yatoke. Hesabu, sayansi na lugha za kigeni zina karatasi za aina mbili, Foundation iliyo nyepesi na Higher iliyo ngumu (si ile Higher ya Scotland). Mtoto wa Foundation hata apate maksi zote, juu yake ni 5. Wa Higher anapewa 9 hadi 4, na 3 moja ya kumwokoa aliyeponyoka kidogo. Chini ya hapo ni U. Kiingereza hakina mgawanyo huu, wote wanafanya karatasi moja.

Mzazi akisikia Foundation anapandisha hasira. Mimi nasema tulia kwanza. Katika hesabu za Edexcel au AQA, bodi za mitihani nitakazozieleza hivi punde, karatasi ni tatu, kila moja ina maksi 80 na saa moja na nusu, ya kwanza bila kikokotoo. Kwenye Foundation kupata 4 kunataka zaidi ya nusu ya maksi zote. Kwenye Higher, 4 imekuwa ikipatikana kwa maksi chini ya robo. Ukiangalia hivyo unaweza kusema basi wote wapelekwe Higher. Lakini mimi nawaona kwenye ukumbi. Mtoto aliyepelekwa Higher kwa heshima ya familia anafungua karatasi, anafanya maswali manne ya mwanzo, na saa nzima inayobaki anachora maua pembeni. Karatasi ya kwanza ikimkatisha tamaa, ya pili na ya tatu anakuja mwili tu. Kwa upande wa pili, mtoto anayetaka A-level ya hesabu asikubali Foundation, kwa kuwa shule zinadai 7, nyingine 6, na hiyo 6 haimo kwenye karatasi yake. Swali la kumuuliza mwalimu ni moja: "Kwa mitihani ya majaribio aliyofanya, wapi ana uhakika zaidi wa 4, na wapi ana nafasi ya 6?" Uliza Year 10, na urudie Desemba ya Year 11. Majina yanapelekwa kwenye bodi mwezi wa pili.

Bodi, nazo ni kampuni na taasisi zinazotunga mitihani: AQA, Pearson Edexcel, OCR, na Eduqas ambayo ni ya WJEC ya Wales. Shule inachagua bodi kwa kila somo, kwa hiyo mtoto mmoja anaweza kuwa na bodi tatu. Hii si habari ya kupita. Hesabu ya AQA ina namba 8300, ya Edexcel 1MA1, ya OCR J560. Ukishakuwa na namba hiyo, mitihani ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake iko kwenye tovuti za bodi, bure. Nimeona wazazi wakilipa tuisheni pauni thelathini kwa saa, mwalimu wa tuisheni anafundisha tamthilia ambayo mtoto hatatahiniwa. Usitoe hata senti kabla hujajua bodi na namba ya somo.

Kisha ripoti za shule. Zinakuja na namba tatu kwa kila somo na mzazi anasoma ile inayompendeza. Target ni lengo, na mara nyingi limekokotolewa kutokana na SATs za Year 6, halimaanishi mwalimu kamwona mtoto akifanya hivyo. Working at ni alipo leo. Predicted ni pale mwalimu anapokisia ataishia. Target 7 na working at 4 mwezi wa kwanza wa Year 11 si ripoti nzuri, hata ikipakwa rangi ya kijani.

Soma karatasi ya matokeo na mimi

Hii ni ya binti mmoja, nimebadilisha masomo mawili asijulikane:

English Language 5
English Literature 4
Mathematics 4
Combined Science 5-4
History 3
Religious Studies 6
Health and Social Care L2M

Pembeni ya English Language kuna neno Merit. Hilo ni la kuzungumza: alisimama darasani akatoa hotuba fupi, akapimwa. Linaandikwa kwenye cheti lakini haliongezi wala kupunguza ile 5. Combined Science ihesabu mara mbili. History 3 si sifuri; ni cheti halali, ila cha Level 1, na ngazi hizo nitazieleza chini. L2M ni somo la kiufundi la BTEC: Level 2, Merit, na kwa thamani linakaa kati ya 5 na 6.

Hesabu sasa zenye 4 kwenda juu: lugha, fasihi, hesabu, sayansi mbili, dini, afya. Saba. Masharti ya kawaida ya kuingia masomo ya Level 3, yaani A-level na yanayolingana nayo, ni GCSE tano za 4 na kuendelea, Kiingereza na hesabu zikiwemo. Binti huyu kapita. Mama yake alikuwa amenuna kwa sababu ya historia.

Sababu ya kucheka kwa 4 ya hesabu ni hii: asiyeipata analazimika kuendelea kusoma somo hilo akiwa na miaka 16 hadi 18, hata kama kaenda kusomea ufundi magari. Hivyo hivyo kwa Kiingereza. Mwenye 3 lazima arudie GCSE yenyewe. Mwenye 2 kushuka anaweza kupewa Functional Skills badala yake, yaani Kiingereza na hesabu za matumizi ya kila siku. Kurudia kupo mwezi wa kumi na moja, kwa Kiingereza cha lugha na hesabu tu, na mwezi wa tano na sita. Kazi na kozi nyingi zinauliza masomo haya mawili kabla hazijauliza jina lako. Uuguzi, kwa kawaida. Ualimu, lazima, na wa msingi unadai na sayansi. Kama mtoto ana wiki tatu tu za kusoma kwa bidii, ziende huko.

Ndani ya ukumbi

Hapa ni kwangu, mniache niseme. Kalamu nyeusi, si ya bluu. Mfuko wa kalamu wa plastiki unaopenyeza macho. Chupa ya maji ibanduliwe karatasi yake. Saa ya mkononi hairuhusiwi ya aina yoyote, hata ile ya babu ya kujaza ufunguo; ukutani ipo kubwa. Wino mweupe wa kufutia hapana. Simu ndiyo inayonitoa machozi: ikikutwa mfukoni, hata imezimwa, hata imesahaulika, tunaandika ripoti na bodi inaweza kufuta karatasi nzima. Mkague mtoto mlangoni kabla hajatoka, kama unavyomkagua anayeficha chipsi kwenye begi.

Mtoto ambaye Kiingereza si lugha yake anaweza kuruhusiwa kamusi ya lugha mbili, isipokuwa kwenye mitihani ya Kiingereza chenyewe na michache mingine, na aliyefika nchini karibuni anaweza kuongezewa muda kidogo. Mwenye shida ya kusoma au maradhi anaweza kupata chumba kidogo, msomaji, au muda wa ziada. Yote yanaombwa mapema na yanahitaji ushahidi kwamba ndivyo anavyofanya kazi darasani siku zote. Anayeshughulikia ni mratibu wa mahitaji maalumu, kila shule anaye. Siku ya mtihani mimi sina mamlaka ya kumwongezea mtu hata dakika moja.

Baada ya 16

England inamtaka kijana abaki kwenye masomo au mafunzo mpaka 18. Njia ziko nne na mzazi wetu kwa kawaida anajua moja.

A-level ndiyo hiyo moja. Ilianza 1951, na kwa sisi ni kidato cha tano na sita. Masomo matatu, miaka miwili, mtihani mwishoni, A* hadi E. Tofauti na nyumbani, hakuna kombi zilizopangwa. Hakuna PCB wala HGL, anajichagulia. Uhuru huo una mitego. Anayetaka udaktari achukue kemia, na biolojia pamoja. Uhandisi, hesabu na fizikia. Uchumi kwenye vyuo vikubwa, hesabu. Sheria haina somo la lazima, hata kama mjomba anasema vingine.

BTEC ni kusoma kwa kazi za mwaka mzima na mitihani kidogo. Kubwa yake, Extended Diploma, inalingana na A-level tatu. Angalia herufi hapa, zimeshawagombanisha watu. D ya A-level ni kufaulu kwa chini. D ya BTEC ni Distinction, kufaulu kwa juu. Baba mmoja nimjuaye alimnyima mwanawe safari ya Mombasa kwa DDD, na DDD hiyo inabeba pointi 144 za kuombea chuo kikuu, sawasawa na AAA.

Pointi hizo ni za UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vikuu karibu vyote. A* ni 56, A 48, B 40, C 32, D 24, E 16. Si kila chuo kinatumia pointi. Vingi vinataja herufi moja kwa moja, na vingine vinakataa BTEC kwa kozi fulani. Soma ukurasa wa kozi yenyewe.

T Level ilianza 2020: fani moja, mfano ujenzi, afya au malezi ya watoto wadogo, inalingana na A-level tatu, na ndani yake kuna saa zisizopungua 315 kazini. Serikali imekuwa ikiipa nafasi kwa kuondoa fedha kwenye baadhi ya BTEC zinazofanana nayo, basi muulize mkuu wa chuo kama kozi uliyoiona mwaka jana bado ipo.

Ya nne ni uanagenzi: kijana anaajiriwa, analipwa mshahara, anasoma. Upo wa Level 2 mpaka wa digrii kamili ambayo mwajiri na serikali ndio wanaoilipia. Jamii yetu inaudharau. Mimi ningekuwa na kijana mwenye mikono ya kazi ningeutafuta huu kabla ya mkopo wa chuo.

Maombi ya chuo kikuu yanatumwa vuli ya Year 13, kabla mtihani haujafanywa, kwa alama anazokisiwa na walimu. Oxford, Cambridge, udaktari wa watu, wa meno na wa mifugo wanafunga tarehe 15 Oktoba, wengine Januari. Chuo kinampa nafasi kwa masharti, na mwezi wa nane masharti yanatimia au hayatimii. Yasipotimia kuna Clearing, siku hiyo hiyo ya matokeo, kijana mwenyewe anapiga simu vyuoni kuulizia nafasi zilizobaki. Awe nyumbani siku hiyo, si Dar es Salaam likizoni. Na kabla ya haya yote hakikisha hadhi yake ya ukaazi inamruhusu kulipa ada ya mkazi na kupata mkopo wa serikali. Nimeona AAB ikikaa kabatini kwa ajili ya karatasi ya uhamiaji.

Level 1 hadi 8

Ukiona tangazo la kazi limeandika "Level 3 au zaidi", linasema hivi. Kuna Entry, ya wanaoanza, mahali ambapo kozi nyingi za Kiingereza kwa wageni zinaanzia. Level 1 ni GCSE za 3, 2 na 1. Level 2 ni GCSE za 4 hadi 9. Level 3 ni A-level, T Level, BTEC National. Level 4 na 5 ni vyeti vya juu vya ufundi, HNC na HND, na shahada za msingi (foundation degree). Level 6 digrii ya kwanza, 7 ya uzamili, 8 ya uzamivu. Namba inasema ugumu tu, haisemi ukubwa. Kuna kozi za Level 3 za miezi mitatu, na zinauzwa mtandaoni kwa bei ya kupendeza. Siyo A-level.

Scotland wana ngazi 12 za kwao. National 5 ni ya 5 huko, lakini kwa England inakaa na GCSE, Level 2. Higher ni ya 6, digrii ya heshima ni ya 10. Usilinganishe namba ya Edinburgh na ya Manchester.

Vyeti tulivyokuja navyo

Cheti cha NECTA au KNEC kinatafsiriwa thamani na UK ENIC, ambao mpaka 2021 waliitwa NARIC. Unalipa, unapewa barua ya ulinganisho. KCSE kwa kawaida inawekwa usawa wa GCSE, kwa hiyo kijana wa Kenya mwenye A tupu bado anaweza kuambiwa afanye mwaka wa maandalizi kabla ya digrii. Wakenya wanakasirika, na wana haki. Kidato cha sita cha Tanzania baadhi ya vyuo vikuu vinakipokea kwa mwaka wa kwanza. Andikia kila chuo. Waliosoma shule za IGCSE, yaani GCSE ya kimataifa, za Dar, Nairobi au Kampala wana njia nyepesi, vyeti vyao vinajulikana hapa.

Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha za GCSE. Kimo IGCSE ya Cambridge, namba 0262. Shule za serikali nyingi hazitakilipia, lakini mtoto anaweza kufanya kama mtahiniwa binafsi kwenye kituo kinachokubali, kwa ada mnayokubaliana. Tafuteni kituo Septemba, maana vingi vitakataa.

Na wewe mzazi mwenyewe: mwenye miaka 19 kwenda mbele, mkazi wa England anayetimiza masharti ya ukaazi na asiye na 4 ya Kiingereza au hesabu, ana haki ya kusoma masomo hayo bure kwenye chuo cha mtaani kwake. Functional Skills Level 2 inakubaliwa na waajiri wengi badala ya GCSE, na ina mtihani mfupi zaidi. Ukitaka uuguzi na huna A-level, kuna Access to HE, Level 3 ya mwaka mmoja kwa watu wazima. Nawajua akina mama wa Goma na wa Tanga waliopita hapo wakitoka zamu ya usiku.

Matokeo yakishatoka

Mkiona namba haiendani na mtoto, shule inaweza kuomba karatasi isahihishwe upya. Kuna ada, inarudishwa namba yenyewe ikibadilika, na namba inaweza kushuka pia. Tarehe za kuomba ni fupi, msingoje shule ifunguliwe Septemba.

Karatasi ya Agosti si cheti. Vyeti vyenyewe vinafika shuleni karibu na Novemba, na kijana ameshahamia chuo kingine, hakuna anayevikumbuka. Shule inalazimika kuvitunza miezi 12 tu, baada ya hapo inaruhusiwa kuviharibu. Kuviomba tena ni kulipa kila bodi kivyake, na bodi zinaweza kuwa tatu. Nenda ukachukue, kijana akikutuma, beba barua yake yenye sahihi na kitambulisho chako, la sivyo pale mapokezi watakurudisha.